Mkutubi na Daftari la Karani

Mkutubi aliweka beseni la bati mlangoni, na kando yake kipande cha sabuni ya mche alichokifunga kwa uzi ili kisiondoke. Hakuna aliyepita bila kunawa. Mwalimu alinawa, karani wa benki alinawa, padre naye alinawa, tena huku anatazamwa. Ukishamaliza unamwonyesha viganja pande zote mbili, naye anaitikia kwa kichwa, ndipo unaingia. Mimi nilianza kunawa pale nikiwa darasa la tano, na mpaka leo nikishika kitabu kabla ya kunawa najiona nimekosa adabu.

Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu pale mjini Shinyanga, ghala la zamani la pamba, na ukiinama kwenye nyufa za sakafu uliweza kuona bado nyuzi nyeupe. Miaka ile ya tisini wasomaji wengi hawakuwa wanafunzi, walikuwa wachimbaji. Walikuja kutoka Maganzo kwenye almasi, wengine Mwakitolyo, wengine mbali huko Geita kwenye dhahabu, wakingoja gari au mnunuzi, wakaona heri wangojee kivulini na gazeti. Maji ya beseni yaligeuka rangi ya chai ya maziwa kabla ya saa nne. Mkutubi aliyamwaga na kuteka mengine mwenyewe, bila kumsimanga mtu. Siku moja nilimwuliza kama hawamchoshi.

"Hao ndio wanaofunua gazeti kwa heshima," alisema. "Mtu anayechekecha mchanga kutwa nzima anajua kushika kitu polepole. Ninyi wa shule ndio mnaochana."

Alikuwa Msukuma wa kijijini aliyesoma misheni, mrefu, mwenye shati jeupe lenye kola iliyogeuzwa upande wa pili baada ya upande wa kwanza kulika. Alichukia kelele kuliko kitu chochote, na yeye ndiye aliyepiga kelele kuliko wote, maana sikio lake moja lilikuwa halisikii vizuri na hakujua sauti yake inafika wapi. Akikukanya unong'one, mpaka wauza nyanya wa ng'ambo ya barabara walikuwa wanacheka. Hatukuthubutu kumwambia.

Kitabu kikichelewa, alikifuata. Alinifuata hata mimi nyumbani, Jumapili baada ya misa, kwa miguu. Mama yangu alimkaribisha kiti akaapa kwamba kitabu kimepotea, tumetafuta mpaka tumechoka.

"Mama, kitabu hakina miguu," alisema Mkutubi. "Kikiondoka, kimeondolewa."

Kilipatikana chini ya mguu wa kabati, kimewekwa ili kabati lisiyumbe. Mama aliona aibu hata akakimbilia jikoni. Mkutubi alikifuta kwa upande wa shati lake, akatushukuru, "Wabeja sana," akaenda zake. Nilidhani nimeshafukuzwa maktaba. Kesho yake alinionyesha beseni kama kawaida, na hakulitaja jambo lile tena maisha yake yote.

Msemo wake huo wa miguu mji mzima uliujua, na mji ulikuwa na jibu lake. Akishapita Mkutubi, utasikia mtu anasema kando: "Na daftari la karani je, lilikuwa na miguu?"

Habari ya karani nilikuja kuipata vipande vipande, sehemu kwake, sehemu kwa watu, na nyingine kwa mama mmoja mzee tuliyemwita Binti Karani.

Baba wa mama huyo alikuwa karani wa baraza la mtemi zamani za Wajerumani, Mwislamu aliyetokea Tabora. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama makarani wote wa wakati wake. Alipokufa aliacha sanduku la madaftari, na mchwa wakayala yote isipokuwa moja. Miaka michache baada ya uhuru, Binti Karani alilifunga lile moja ndani ya kanga, akampelekea Mkutubi, aliyekuwa bado kijana na ndiyo kwanza amekabidhiwa maktaba. Alisema, "Nitunzie. Kwangu kuna mchwa." Mkutubi alilipokea kama alivyopokea kila kitu: akapiga muhuri ukurasa wa kwanza, akaandika "Imepokelewa na" pamoja na jina lake kamili kwa wino mweusi, akatia sahihi.

Baadaye alikuja mtafiti mmoja Mzungu, mpole, mwenye kujua Kiswahili. Aliomba aende nalo akalipige picha, atalirudisha baada ya miezi mitatu. Mkutubi alimpa. Ilikuja kadi moja ya posta yenye picha ya mnara na salamu nyingi, kisha kimya.

Hapo ndipo ulimwengu ulipomgeuka. Bahati mbaya mwezi uleule alikuwa amenunua baiskeli mpya, baada ya kaka zake kuuza pamba. Watu walitazama baiskeli, wakatazama pengo la daftari, wakajumlisha. Na kwetu huku, ukanda wa dhahabu na almasi, daftari kuukuu lenye herufi ambazo mtu hawezi kuzisoma haliwi kitu kingine ila ramani. Kila mchimbaji anajua kwamba Wajerumani walipokimbia waliacha dhahabu wamefukia na alama wameweka. Basi ikasemwa kwamba Mkutubi ameuza ramani ya Wajerumani kwa baiskeli. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja.

Mimi mwenyewe nimewahi kumwona mchimbaji kutoka Geita, mtu mzima mwenye mvi, amenawa, amekaa mbele yake, anambembeleza.

"Mzee, sitaki kukulaumu. Wewe nikumbushie tu. Palikuwa na mlima? Palikuwa na mti mkubwa?"

"Palikuwa na maandishi," Mkutubi alijibu kwa sauti ile ya kusikika sokoni. "Mimi sikujua kuyasoma. Ndilo kosa langu la kwanza. La pili unalijua."

Baiskeli ile hakuipanda tena. Aliitundika ukutani sebuleni kwake, akaitia mafuta kila baada ya muda, na kwenda kazini alikwenda kwa miguu, kilomita nyingi, jua na mvua. Niliwahi kumwambia kwamba huo ni ukaidi. Kama hukuiba, panda baiskeli yako. Akasema, "Nikiipanda, watu wataanza kuhadithia. Nikitembea wananyamaza." Sikukubaliana naye. Niliona anawasaidia wanaomsengenya, na bado naona hivyo.

Jambo jingine alilolifanya ni la ajabu zaidi kwa mtu wa misheni. Alikwenda kwa fundi cherehani mmoja Mwislamu, jirani ya kituo cha mabasi, akaomba afundishwe herufi za Kiarabu. Alikuwa amepita umri wa miaka arobaini. Jioni kwa jioni alikaa kwenye benchi la wateja, fundi anakanyaga cherehani huku anamsahihisha bila kumtazama. Wakristo wenzake walinong'ona kwamba amesilimu, Waislamu wakamkaribisha msikitini, naye akawajibu wote kwamba anajifunza kusoma kitabu kimoja tu. "Kikirudi," alisema, "kisinikute mjinga tena."

Binti Karani hakuwa miongoni mwa waliomwita mwizi. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mshona kofia, asiye na mazoea ya kupandisha sauti. Kila Idi Mkutubi alikwenda kwake kumpa mkono. Alimsalimu shikamoo, akaitikiwa, akawekewa pilau, na kabla hajanawa mama yule alimwuliza neno moja.

"Limerudi?"

"Bado, mama."

"Haya, kula."

Nilimsindikiza mwaka mmoja nikayaona haya kwa macho yangu. Mkutubi aliila ile pilau kama mtu anayekunywa dawa. Njiani nilimwuliza mama yule anataka nini hasa, maana ramani hakuna. Ndipo aliponiambia. Mama mzazi wa Binti Karani aliletwa na msafara akiwa mtoto, kutoka magharibi, na katika maisha yake yote hakutaka kusema kwao ni wapi. Lakini karani, mumewe, aliwahi kumwambia bintiye: nimeandika humo mama yako alikotoka, siku moja utasomewa. Akafa kabla hajamsomea. Binti Karani hakufundishwa kusoma, na aliona aibu kumwomba jirani amsomee.

"Mimi nilitoa kabila la mtu," Mkutubi alisema. "Nikampa mgeni aende nalo."

Nilipomaliza shule nilipata kazi Isaka, kwenye bandari kavu, ofisi ya wakala wa mizigo inayokwenda Rwanda na Burundi. Bosi wangu alikuwa mzee wa Kihindi mwenye malori, na miaka ya tisini ikielekea ukingoni alileta kompyuta yenye intaneti, ili tujue mizigo imetoka lini Dar es Salaam. Wakati huohuo padre mmoja aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo alimpa Mkutubi habari: yule mtafiti amefariki, karatasi zake zote zimo katika maktaba ya chuo kikuu chake, na orodha ya miswada ya kale ya maktaba hiyo sasa inasomeka kwa kompyuta, popote ulipo.

Jumamosi iliyofuata Mkutubi alishuka kwenye treni pale Isaka na mfuko wa plastiki. Alikwenda kwanza kwenye bomba la madereva, akanawa mpaka viwiko, akaja kuketi mbali kidogo na mashine.

"Dakika kumi, dada," bosi aliniambia. "Simu hii inakula pesa kuliko lori linavyokula dizeli."

Ndani ya mfuko mlikuwa na kadi ishirini za maktaba, ameshaziandika kwa mwandiko wake wa kusimama: jina la karani, la mtemi, la mtafiti, Shinyanga, Usukuma, herufi za Kiarabu, mpaka rangi ya jalada. Kompyuta ilipiga simu, ikalia, ikanyamaza, ukurasa ukateremka polepole.

"Andika kwanza salamu," aliniambia.

"Mkutubi, hapa hakuna mtu. Unaandika neno tu."

"Utamwombaje mtu kitu bila salamu?" Lakini alinipa kadi ya kwanza.

Niliandika jina la karani. Jibu likaja kwa Kiingereza, nami nikamwambia kwamba hakuna.

"Nani kasema?"

"Kompyuta."

"Imekwenda kuangalia rafuni?"

Nikachukua kadi ya pili. Tulijaribu kadi tisa, dakika zikaisha. Alirudi tena mwezi uliofuata, na jina la mtafiti likatuletea vitabu vyake alivyovitunga na barua za watu wa nchi nyingine kabisa, hakuna daftari. Aliondoka bila kuaga vizuri, naye alikuwa mtu wa kuaga. Wakati ule Binti Karani alikuwa ameanza kuugua miguu na kifua, na Mkutubi aliniambia wazi kwamba anaogopa kumzika akiwa bado hajui.

Mara ya tatu kadi zote ziliisha. Alitoka nje kwenda kunywa maji bombani, mgongo umempinda kuliko nilivyomzoea. Zilikuwa zimebaki dakika mbili. Kwa mchezo tu, kwa sababu vidole vilikuwa tayari juu ya vitufe, niliandika jina lake yeye, Mkutubi, jina kamili.

Kikaja kitu kimoja.

Nilisoma mara mbili kabla sijamwita. Alikuja anadondosha maji kidevuni. Nikamsomea kwa Kiswahili: daftari la mkono, kurasa themanini na nane, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, habari za watu na nchi, Shinyanga. Mwandishi: na hapo nikamtajia jina lake.

"Usinitanie, mwanangu. Mimi sijaandika kitabu."

"Si utani. Tazama mwenyewe."

Aliinama akatazama. Nilimwona anaelewa kabla yangu. Ule muhuri wake, na jina lake kwa wino mweusi, ndiyo maandishi pekee ndani ya daftari lile ambayo Wazungu wa maktaba waliweza kuyasoma. Waliona jina ukurasa wa kwanza, wakajua huyu ndiye aliyelitunga. Orodha ile ilitafuta kwa jina la mwandishi tu, nasi tulikuwa tumetafuta kila mtu duniani isipokuwa yeye, na yeye asingeweza kamwe kufikiri kujitafuta.

Nilikuwa na furaha hata nikataka kumkumbatia. Yeye aliketi chini, kwenye magunia ya sampuli za kahawa.

"Miaka yote wamesema nimeliuza," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Sasa maktaba nzima imeandika kwamba ni langu. Nimekuwa mwizi wa maandishi."

Nilichapa ule ukurasa, ingawa alinikataza. Aliukunja mara nne, akautia mfuko wa shati. Miezi kadhaa hakumpelekea Binti Karani, na hapo ndipo nilipomkasirikia kweli. Mtu aliyenifuata Jumapili kwa kitabu kimoja cha hadithi aliogopa kutembea mitaa mitatu na karatasi. Nilimwandikia hivyohivyo, bila kuremba. Lakini nilikuja kujua kwamba alikuwa ameshaandika barua kwenda ile maktaba, kwa Kiingereza chake cha misheni, nami nakala yake ninayo: "Mimi si mwandishi wa daftari hili. Mimi ni mtu aliyelipokea akalipoteza." Aliomba mambo mawili. Waandike jina la karani mahali pake, na wamletee nakala ya kurasa zote.

Kuhusu jina, walimjibu kwa adabu kwamba watalichunguza. Kurasa walizileta, themanini na nane, katika bahasha nene. Dereva mmoja wa lori akaniletea ujumbe wa Mkutubi: njoo Jumamosi, nataka shahidi.

Nilimkuta mbele ya maktaba na bahasha kwapani.

"Shahidi gani mimi," nilimwambia, "nami sijui alifu wala be?"

"Nimeshalisoma lote. Najua lilipo analolitaka, na najua lililo karibu yake. Wewe utanitazama usoni. Ukiona naruka kitu, kohoa."

Binti Karani alikuwa amelala kitandani kwenye chumba cha mbele, mto mgongoni, kofia nusu imeshonwa iko kifuani. Ilikuwa baada ya alasiri. Mkutubi alimsalimu. Safari hii hakungoja kuulizwa.

"Limerudi, mama. Lenyewe liko kwao, hii ni nakala. Na kabla sijasoma, ujue huko limeandikwa kwa jina langu. Nimewaandikia kwamba si kweli."

Mama yule aliisogeza kofia kando. "Soma," alisema.

Mkutubi alivaa miwani, akatafuta ukurasa, akaweka kidole upande wa kulia, kama fundi cherehani alivyomfundisha. Alisoma taratibu, na maneno yale yalikuwa ya mtu mwingine kabisa, makavu na ya kale.

"Na mwaka ule nilimpata mtoto mwanamke kwa mtu wa msafara..."

Akasita. Nilimtazama usoni. Kidole kilikuwa kimesimama. Nilijua kama angeruka mstari, hakuna mtu chini ya jua ambaye angejua, wala mimi. Sikukohoa. Sikuwa na moyo wa kukohoa.

"Umefika wapi?" Binti Karani aliuliza.

"Nimefika pagumu, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Soma hapohapo."

Akasoma. "...kwa nguo doti mbili na jembe moja."

Nje mtu alikuwa anatwanga, nikasikia mchi unapiga mara nyingi. Binti Karani hakufumba macho wala hakulia.

"Hilo nalijua," alisema. "Tangu utotoni natukanwa nalo, mtoto wa mtumwa. Kwao ndiko nisikokujua. Soma kwao."

"Umri wake kama miaka tisa," Mkutubi alisoma. "Nikamwuliza kwao, akasema Ubembe, ng'ambo ya ziwa la magharibi, kijiji Kalembwe, na baba yake mhunzi. Alipokuwa mtu mzima nikamwoa kwa mahari na mashahidi, na haya nimeyaandika ili watoto wake wasiwe kama waliookotwa."

"Kalembwe," alisema Binti Karani.

"Kalembwe."

"Tena."

Alimsomea tena, akamsomea mara ya tatu, na mara ya tatu hakuwa anatazama karatasi. Mama yule alikuwa analitamka jina lile bila sauti, kwa midomo tu. Kisha akageuza kichwa kuelekea kwetu.

"Baba yake mhunzi?"

"Ndivyo alivyoandika. Mhunzi."

"Kumbe na mimi nina babu," alisema.

Mkutubi aliweka kidole kwenye mstari uliofuata, akakiondoa. Alivua miwani akajifunika uso kwa mikono yote miwili. Nikazichukua zile kurasa mapajani mwake zisianguke, nikazishika, sijui hata herufi moja, mpaka alipotulia.